Bega la Hatsukano Liliinuka

Juni 8, Jumamosi

Redio imetangaza kwamba majira ya mvua yameingia rasmi huku kwetu Kansai. Asante, redio, tusingejua. Tangu Alhamisi duka letu la dobi limejaa nguo za watu zisizokauka, na mimi nimekunja mashuka mpaka vidole vimelainika kama vya mtoto mchanga.

Ila si mashuka yaliyoninunulisha daftari hili. Nimelinunua kwa sababu leo nimepewa kazi ya heshima. Chizuru, mhariri wa jarida letu la mashabiki wa mieleka, Kona Nyekundu (nakala mia mbili, fotokopi, na usicheke), ameniomba mimi, Kanta, niliyeaga shule nikiwa na miaka kumi na sita, niandike tathmini ya pambano kubwa kuliko yote: Kuroiwa na Hatsukano, mkanda wa ubingwa, Osaka, 1984. Hatsukano anastaafu tarehe 14 mwezi ujao na toleo zima ni lake.

"Kwa nini mimi?" nilimwuliza, na jibu nalijua.

"Wenzako wote wanaandika kama wanatuma rambirambi. Wewe unaandika kama mtu anayegombana sokoni."

Nimelichukua kama sifa.

Jambo moja dogo. Refa wa pambano lile alikuwa Mjomba Teiji, kaka yake mama, mwenye hili duka, ninayeishi naye. Tangu nihamie hapa hajawahi kulizungumzia hata siku moja.

Juni 9

Mvua. Mashuka.

Juni 11, Jumanne

Mvua kubwa, wateja hamna, Mjomba kaenda kwa daktari wa magoti. Nimetazama kanda ya pambano lile mara nne mfululizo. Rasimu yangu hii hapa, na kama haijakusisimua una tatizo.

Kuroiwa anaingia akiwa bingwa wa miaka mitatu. Kilo mia na thelathini, shingo imemezwa na mabega. Hatsukano anaingia na bukta nyekundu, na akitajwa jina, riboni nyekundu za karatasi zinarushwa kutoka pande zote mpaka ulingo hauonekani, vijana wanazizoa kwa kukumbatia kama watu wanaovuna. Dakika kumi za mwanzo hakuna anayerudi nyuma hata hatua moja. Wanachapana makofi ya kifua kwa zamu, wewe, mimi, wewe, mimi. Sauti ya kanda imechakaa lakini makofi yale unayasikia kwenye meno. Kuna wajinga huniuliza kama mieleka ni ya kweli. Huwa nawaambia: lala hapo chini, mtu wa kilo mia na thelathini akuangukie kutoka juu ya kona, halafu uamke tuongee habari za ukweli.

Dakika ya thelathini Hatsukano anamkaba Kuroiwa mpaka Kuroiwa anageuka rangi ya biringani. Ukumbi umesimama wote. Dakika ya thelathini na saba Kuroiwa anajinasua, anamkumbatia kiunoni kwa nyuma, anambinua kinyumenyume. Hatsukano anatua kwa shingo. Kuroiwa anajikokota, anamlalia. Refa anapiga chini, na mabega yakilala mpaka tatu umeshindwa: moja. Mbili. Bega linainuka. Tatu!

Nimerudisha nyuma. Bega linainuka kwanza, ndipo mkono wa refa unatua. Nimerudisha tena na tena mpaka kanda ikaanza kulia.

Wakati wa chakula nikamvaa.

"Mjomba, lile bega la Hatsukano liliinuka kabla ya tatu."

Akatafuna figili yake taratibu. "Kula samaki wako."

"Liliinuka au halikuinuka?"

"Mimi nilipiga tatu."

"Sikukuuliza ulipiga ngapi."

"Basi umejibiwa zaidi ya ulichouliza. Kula."

Juni 12, Jumatano

Nimepima. Nina saa ya michezo niliyoondoka nayo shuleni (walidai, sikusikia). Kutoka moja hadi mbili: sekunde moja na ushei. Kutoka mbili hadi tatu: sehemu saba za kumi za sekunde. Nimepima mara ishirini na jibu ni lilelile. Mkono uliharakishwa. Kwa lugha ya mtaani, Mjomba wangu aliiba.

Miaka kumi na miwili watu wanabishana kwenye vilabu vya pombe, hakuna aliyepata akili ya kushika saa. Nimepata mimi. Ningekuwa shuleni wangenipa cheti.

Juni 15, Jumamosi

Nimempa Chizuru tathmini. Kichwa: "Mkono Ulioiba Mkanda". Nimesaini kwa jina la bandia, Kunguru wa Amagasaki, mji wetu huu. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, mwavuli unachuruzika kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki.

"Kanta, huyu refa si ndiye..."

"Ni refa. Mwandishi akianza kuwa na wajomba, atamwandika nani?"

"Una roho ngumu, wewe mtoto."

Ana miaka kumi na tisa, ananiita mtoto. Sawa tu. Aliikunja vizuri akaiweka kifuani isilowe.

Juni 18, Jumanne

Siku ya ajabu. Simu ililia saa nne asubuhi, nikadhani ni Bibi Oguri anaulizia kimono chake. Mjomba akapokea na pasi mkononi, akasikiliza, akaweka pasi chini, akainama. Mtu yuko ndani ya waya na Mjomba anamwinamia! Mara tatu! Nilihisi harufu, kumbe pasi kaiweka juu ya shati la karani wa benki.

"Mjomba, unachoma!"

"Acha iungue," akasema. Mtu ambaye kifungo kikipotea halali. "Ni kampuni ya mieleka ya Tozai. Pambano la mwisho la Hatsu. Wanataka refa niwe mimi."

Hatsu. Sijawahi kumsikia akimwita hivyo. Ndipo maneno yakamtoka, zaidi ya yote aliyosema mwaka mzima: kwamba waliingia Tozai mwezi mmoja wakiwa na miaka kumi na minane, wakalala mkeka mmoja, wakawapikia wakubwa chungu kimoja. Kwamba magoti yake yalipokufa yeye akawa refa, na Hatsukano akamwambia, afadhali, sasa utaniona karibu. Kwamba tangu siku ile ya mwaka 1984 hawajasemeshana.

"Na atakubali?" nikauliza.

"Wamemwuliza. Wamesema hakukataa."

Alisema "hakukataa" kama vijana wanavyosema "ananipenda".

Juni 19, Jumatano

Asubuhi nimeamshwa na kishindo. Mjomba yuko magotini, anapiga mkeka: moja! mbili! tatu! Jirani akagonga ukuta. Mjomba akaukemea ukuta, "Ni hesabu tu, bwana!" na akacheka. Shati lake la urefa, la mistari ya bluu, amelifua kwa mkono, kalitundika dirishani, ingawa kwenye mvua hii litakauka mwakani.

Mchana Chizuru kaja mbio. Kashapata habari.

"Nakala zimetoka lakini hazijabanwa pini," akasema kwa sauti ya chini. "Karatasi yako naweza kuichomoa. Sema tu."

"Umeniweka ukurasa wa ngapi?"

"Wa kwanza."

Nikakuna kidevu kama mtu anayewaza. Sikuwa nawaza chochote. Nilikuwa nauona ukurasa wa kwanza.

"Iache," nikasema. "Nakala mia mbili, nani atasoma?"

"Una hakika?"

"Chizuru, usinichoshe."

Juni 23, Jumapili

Limetoka! Pale kwenye mkutano wa mashabiki wanaume watatu wazima, mmoja ana upara, wamesoma yangu mara mbili mbili. Mwenye upara akasema, "Huyu Kunguru ana jicho la mwewe." Nimerudi nyumbani kwenye mvua bila kufungua mwavuli, makusudi, ili ninyeshewe kama mtu mashuhuri.

Nakala yangu nimeificha chini ya mashine namba nne.

Juni 25

Mashuka. Mjomba kanyoa nywele.

Juni 27, Alhamisi

Gazeti moja la mieleka la kila wiki limeniandika. Nusu safu, lakini wameniandika! "Shabiki apima hesabu ya 1984 kwa saa." Wamenukuu ile ya sehemu saba za kumi. Wamelitaja jina la Mjomba, Momoi Teiji, kwa herufi nene. Nimenunua mawili pale stesheni. Nilipofika mlangoni nikamwona kwa kioo anapiga pasi huku anaimba, nikazunguka nyuma, nikayatia yote mawili kwenye pipa la jirani.

Juni 30

Kuna mtu kapiga simu dukani. Nilipokea mimi. Akahesabu "mojambilitatu" harakaharaka, akacheka, akakata. Nimemwambia Mjomba wamekosea namba.

Julai 2, Jumanne

Tozai wamepiga. Mjomba aliinama tena, mara moja tu. "Ndiyo. Ndiyo. Nimeelewa, atafaa refa mwingine. Mmefanya vizuri kunijulisha mapema." Akarudisha simu taratibu.

Akaenda dirishani, akalitungua shati la mistari. Lilikuwa limekauka. Akalipiga pasi, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa nailoni, akalipanga rafuni pamoja na nguo za wateja ambazo wenyewe hawajaja kuzichukua.

Julai 3

Mvua. Mashuka.

Julai 4

Mvua.

Julai 5, Ijumaa

Leo nimeshindwa. Saa nane mchana, Mjomba akiwa kwenye shati la kumi kati ya thelathini ya wale wa benki, nikapiga magoti sakafuni, paji la uso chini, kwenye maji ya miavuli ya wateja.

"Niliyeandika ni mimi."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu ile Jumapili. Mashine namba nne huwa naisafisha kila Jumapili, ungekuwa unanisaidia ungejua." Akageuza shati. "Tena Amagasaki nzima nani mwingine anaweza kuandika 'shingo imemezwa na mabega'? Ile ilikuwa nzuri. Nilicheka."

Afadhali angenipiga teke.

"Kwa nini hukusema kitu?"

"Niseme nini? Bega liliinuka."

Nikainua uso. Akazima pasi. Hajawahi kuzima pasi kabla ya saa kumi na mbili jioni.

"Lete hiyo kanda," akasema. "Sijawahi kuiona."

Tukakaa mbele ya televisheni, mvua inapiga bati la nyuma. Kanda ikaenda mpaka dakika ya thelathini na saba. Hatsukano aliponyanyuliwa, Mjomba akafumba macho. Alipotua, akafumbua.

"Wewe hapa ulikuwa unatazama nini?"

"Bega."

"Kila mtu hutazama bega. Rudisha. Nitazame mimi kabla sijahesabu."

Nikarudisha. Mjomba wa kwenye kanda, mwembamba, nywele nyeusi, anapiga magoti kando ya Hatsukano wakati Kuroiwa bado anajikokota. Mkono wake unaushika mkono wa kushoto wa Hatsukano. Nilikuwa nimepita hapo mara mia. Nilidhani anamweka sawa tu.

"Refa humminya aliye chini," akasema. "Aliye mzima huminya na yeye. Ndiyo salamu yetu, nyie huko vitini hamuijui. Haya, tazama vidole vyake."

Vidole vya Hatsukano vilikuwa wazi, vimelegea, kama glavu iliyolowa. Mjomba wa kwenye kanda akaminya tena. Midomo yake ikacheza.

"Hapo unasema nini?"

"Nasema, niminye, Hatsu. Niminye, ndugu yangu."

Vidole vikabaki vilevile. Kuroiwa akafika, akalala juu yake.

"Lakini bega si..."

"Hatsu angeinua bega hata akiwa maiti. Ndivyo tulivyofundishwa, linainuka lenyewe. Na likiinuka, Kuroiwa anafanya nini?"

Nilijua. Kila mtu aliyewahi kusoma gazeti la mieleka anajua. Kuroiwa habinui mara moja. Hubinua mara mbili, na shingo ile isingestahimili ya pili.

"Nikapiga tatu," akasema Mjomba.

Kwenye kanda watu walikuwa wanamzomea. Nikaizima.

"Kwa nini hukumwambia mwenyewe?"

"Ningemwambia, angekwenda kwa daktari kama mtu mwaminifu, kampuni ingemfungia. Mkewe alikuwa na mimba ya pili. Nikanyamaza, akakasirika. Akakasirika vizuri sana! Akaenda kwao Shimane mwezi mzima, hataki kuuona ulingo, hataki kuniona mimi. Mwezi ule ukamponya. Alivyorudi watu wakampenda kuliko mwanzo. Bingwa aliyeibiwa. Ameilea familia kwa jina hilo."

"Na wewe?"

"Walinipeleka kwenye mapambano ya mikoani, kisha nikaacha. Nina mashine sita, sijambo."

Nikaruka. Nikamwambia leo hii naandika masahihisho, nawapelekea na wale wa gazeti, nitawaambia wote. Akanikamata mkono. Ana nguvu bado.

"Huandiki."

"Ni ukweli, Mjomba!"

"Hata ule wa kwanza ulikuwa ukweli. Ulipima vizuri." Akaniachia. "Siku yake ya mwisho unataka asimame pale mbele ya watu aambiwe hakuibiwa, alihurumiwa? Kuibiwa mwanamieleka anavumilia, Kanta. Kuhurumiwa, hapana."

"Sasa nifanye nini?"

Akawasha pasi. Akaijaribu kwa kidole chenye mate.

"Kunja mashuka."

Julai 6

Nimeandika masahihisho kurasa tatu. Nimezichana. Nimeandika tena. Nimezichana.

Julai 9, Jumanne

Chizuru kaja na tiketi mbili.

"Una nini siku hizi? Umekuwa mpole, unanitisha."

"Tumbo."

"Basi nikuponye. Tathmini yako imemfikia Hatsukano mwenyewe. Wanasema ameikata, anaibeba kwenye begi lake."

Nikaenda nyuma, nikafungua mashine tupu, nikaingiza kichwa, nikapiga kelele humo ndani. Inatoa mwangwi mzuri. Bibi Oguri akaniuliza kama imeharibika.

Julai 13

Nimemwambia Mjomba siendi. Kaniambia, "Utaenda. Mimi siwezi kukaa kwenye viti vile, watanitambua. Nenda ukanionee." Nikasema sawa.

Julai 14, Jumapili

Pambano lilianza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka kwenye ngazi. Chizuru alikuwa na riboni kumi nyekundu, amezilegeza moja moja kwa vidole ili zikiruka zifunguke zisimuumize mtu. Alinipa tano. Jina lilipotajwa nikarusha kama wengine, na hewa yote ikawa nyekundu.

Sitaandika sana. Hatsukano ana miaka arobaini na minne, tumbo limetoka, magoti yamefungwa bandeji. Kijana waliyemletea ana miaka ishirini na tatu. Walichapana makofi ya kifua, zamu kwa zamu, na Hatsukano hakurudi nyuma. Dakika ya kumi na moja alilazwa, na refa mwingine, kijana mwenye nywele za mafuta, akapiga moja, mbili, tatu, polepole kabisa, ili asije akaandikwa. Watu wakacheka. Wote tulijua wanacheka nini.

Kisha wakampa maiki.

Aliwashukuru mkewe, binti zake, waliomfundisha. Akapumua.

"Nimeshindwa mara nyingi," akasema. "Leo pia. Ila lile la mwaka themanini na nne, enyi watu, lile sikushindwa. Bega liliinuka!"

Ukumbi ukalipuka. Watu wanapiga miguu chini mpaka kiti changu kinatembea.

"Miaka kumi na miwili nasema, mnadhani ni maneno ya mshindwa. Sasa yupo kijana aliyekaa na saa akapima. Kunguru wa Amagasaki, uko wapi? Simama nikuone!"

"Simama!" Chizuru akanipiga mgongoni. "Simama, mjinga wewe, anakuita!"

Nikasimama. Watu elfu nne wakanigeukia na kunipigia makofi. Hatsukano akainama, bingwa wangu tangu nina miaka sita, akaniinamia mimi. Huko nyuma mtu akapiga kelele, "Momoi mwizi!" na watu wakacheka tena, wakaidaka, wakaiimba. Mdomo wangu, huu ambao hata mwalimu mkuu hakuuweza, niliufungua. Hakikutoka kitu. Nikainama, nikakaa.

Wakagonga kengele mara kumi kumuaga. Chizuru analia na kucheka, kanishika mkono. Mwezi uliopita ningekufa kwa furaha.

Nilimkuta Mjomba kwenye meza ya pasi. Hakunitazama.

"Alianguka vizuri?"

"Vizuri."

"Aliongea?"

"Aliongea."

"Alisema bega liliinuka?"

"Alisema."

"Liliinuka kweli," akasema, na akalitabasamia lile shati alilolishika. Kisha akaisimamisha pasi. "Maiki aliishika kwa mkono upi?"

Sikuelewa.

"Ule wa kushoto, ambao haukuniminya," akasema. "Kumnyanyua mtu ni mabega na kiuno, unaweza ukadanganya miaka yote. Kitu chembamba ndicho hushikwa na vidole. Kwenye picha za magazeti huwa naangalia. Kila mara umefichwa na taulo, au umeshikwa na mtu. Sijawahi kujua kama ulirudi."

Alikuwa ananitazama sasa. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima.

"Wa kushoto, Mjomba," nikasema.

"Vidole vyote?"

"Vyote. Aliibana kabisa."

Akaketi kwenye kile kiti cha wateja. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati la mtu, akaivaa, akaivua tena. "Haya," akasema. "Haya, vizuri." Amepanda ngazi kulala bila kula, na huku chini namsikia anaimba.

Sijui ulikuwa mkono upi. Mimi ninayepima sehemu za kumi za sekunde, sikuangalia. Watu elfu nne walikuwa wananipigia makofi, na mimi nilikuwa nawatazama wao.